Daftari Lililomwita Sanjusi Pangani

Hotuba hii niliitoa mbele ya chama cha wanafunzi wa historia na Kiswahili, siku ya kuwakaribisha wanachama wapya. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu Mwenyekiti wa chama, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri kuja kuwa nasi, na ninyi vijana mlioketi hadi kwenye ngazi za mlangoni kwa kukosa viti: kwa walionizidi umri nasema shikamooni, na kwa wengine wote nasema hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuipenda historia. Sikuandaa nadharia. Nimekuja na kaunta buku hili, ambalo jalada lake lilikuwa jekundu na sasa limepauka, na ambalo kwa miaka mingi nililificha chini ya nguo sandukuni ili mtu yeyote asilione. Ndani yake mna mashairi niliyoyatunga nikiwa na umri wa miaka 16, na karibu yote yanahusu Mapinduzi ya Ufaransa. Kabla sijaendelea, naomba niwaulize: ni nani kati yenu anayo nyumbani karatasi kama hizi, ambazo angeona haya kama zingesomwa hapa leo? Inueni mikono bila hofu. Naam. Nawaona. Basi hotuba hii ni yenu.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Kaka yangu alikuwa kidato cha tano, na likizo moja alirudi Pangani na madaftari yake ya historia. Katika madaftari hayo nilikutana kwa mara ya kwanza na Bastille, gereza la Paris lililovamiwa na wananchi, na Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, na Kamati ya Usalama wa Umma, iliyoiongoza serikali ya mapinduzi, na hasa nilikutana na kijana mmoja aitwaye Louis Antoine de Saint-Just, aliyezaliwa mwaka 1767, akachaguliwa kuwa mbunge wa Konvensheni, yaani bunge la mapinduzi, akiwa na miaka 25, mdogo kuliko wabunge wote, na akauawa kwa gilotini, mashine ya kukatia vichwa, kabla hajatimiza miaka 27. Mimi niliyekuwa nimezoea kuona kwamba historia ni kazi ya wazee wenye ndevu, nilishangaa kuona kijana amesimama mbele ya bunge zima, tarehe 13 Novemba 1792, na kutamka kwamba hakuna awezaye kutawala kama mfalme na kubaki bila hatia. Niliporudi shuleni sikuwa mtu yule yule.

Niliifanya historia kuwa mchezo, na mchezo ule niliucheza kwa moyo wangu wote. Kila tarehe 12 Julai nilichuma majani ya mwarobaini na kuwabandika wenzangu vifuani, kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1789 Camille Desmoulins alipanda juu ya meza katika bustani ya Palais-Royal, akawaita watu wachukue silaha, na watu wakachuma majani mabichi ya miti kuwa alama yao. Matroni alituuliza kama tunaumwa malaria. Chumba chetu bwenini tulikiita Konvensheni, na hatukuweza kuamua zamu ya kufagia bila kupiga kura. Madaftari yangu ya hesabu na ya baiolojia yalianza kuandikwa tarehe za kalenda ya mapinduzi, ile iliyohesabu miaka tangu tarehe 22 Septemba 1792, hata mwalimu mmoja akadhani nimeandika fomula ya kemia mahali pa tarehe.

Na nilitunga mashairi. Naomba nisome ubeti mmoja, kama ulivyo, bila kurekebisha hata herufi:

Sanjusi nakulilia, sauti yangu sikia,
Themidori imengia, na panga lakuvizia,
Ningekuwa Faransia, kisu ningekizuia,
Pangani nakuitia, rudi uje Tanzania.

Mmecheka, na mna haki ya kucheka, lakini ninyi ni wanafunzi wa Kiswahili, basi tuutazame ubeti huu kwa jicho la kazi. Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vyote, vya kati na vya mwisho, ni "ia", na kina hicho ni rahisi kupatikana kuliko vingine vyote katika lugha yetu, kwa sababu vitenzi vya kutendea hukimwaga bila kuombwa. Neno "Faransia" halikuwahi kuwako. Nililizalisha kwa ajili ya kina. Jina la Saint-Just lilikataa kabisa kuingia katika mizani, nikambatiza Sanjusi, akaingia. Hata hivyo utazameni mshororo wa mwisho, utazameni vizuri, kwa maana nitaurudia: Pangani nakuitia, rudi uje Tanzania.

Siku moja mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, alilikuta daftari hili juu ya dawati langu. Alilichukua, na asubuhi iliyofuata, mstarini, mbele ya shule nzima, aliusoma ubeti huu kwa sauti ya kuigiza kilio. Shule nzima ilicheka. Tangu siku ile hadi nilipomaliza kidato cha nne sikuitwa kwa jina langu, niliitwa Sanjusi. Aibu ile niliisikia mwilini kama homa, na likizo ilipofika nililibeba daftari hadi nyumbani nikiwa nimeazimia kulitia kwenye jiko la mkaa la bibi.

Aliyelinusuru ni babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa mvuvi, na enzi za ujana wake alisafiri kwa mashua kati ya Pangani, Unguja na Pemba. Hakujua kusoma, lakini aliniona nimekaa kitako mbele ya jiko na daftari mapajani, akaniuliza lina nini, nikamsomea. Hakucheka. Alisema mizani imekaa sawa, kisha akauliza Themidori ni nani. Nikamweleza kwamba si mtu bali ni mwezi, ule aliouawa Saint-Just, na kwamba Wafaransa walipompindua mfalme waliipindua hata kalenda: wiki ya siku saba wakaifuta, wakaweka mafungu ya siku 10, mafungu 36 kwa mwaka, na mwishoni wakaongeza siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Nilimweleza kwa majivuno, kama kwamba niliitunga mimi. Babu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ni miongo."

Ndugu zangu, wangapi kati yenu wanajua miongo? Mabaharia na wakulima wa pwani yetu walihesabu mwaka wa Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi wanausherehekea hadi leo kwa Mwaka Kogwa, kwa mafungu ya siku kumi kumi. Kila fungu ni mwongo. Miongo ni 36, na siku tano za nyongeza zinaufunga mwaka. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua kaskazi inaanza lini kuvuma, kusi inakuja lini, na lini chombo kisithubutu kutoka. Kitu ambacho Konvensheni ya Paris ilikitangaza mwaka 1793 kuwa ni alfajiri mpya ya akili ya binadamu, babu yangu alikuwa akikihesabu kwa vidole ufukweni. Na siku za fungu lao walizipa majina ya hesabu, primidi, duodi, tridi, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Je, sisi tunasemaje? Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nilikuwa nimeyatamka maneno hayo tangu utotoni bila kuyasikia hata mara moja.

Jioni ile ile, kwa taa ya kandili, mimi na babu tulijaribu kuyatafsiri majina ya miezi ya mapinduzi, ambayo yalitungwa na mshairi, Fabre d'Églantine. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo madaftari ya kaka yangu hayakulisema. Nivôse, mwezi wa theluji, unaanza mwishoni mwa Desemba, wakati ambapo Pangani tunatokwa jasho la kaskazi na maembe yanaanguka yenyewe. Pluviôse, mwezi wa mvua, unakuja kabla ya masika yetu. Kalenda iliyojitangaza kuwa ya ulimwengu mzima ilikuwa kalenda ya mashamba ya kaskazini mwa Ufaransa. Babu, ambaye jina la Robespierre hakuwahi kulisikia, aliligundua hilo kwa kuuliza swali moja tu: "Wanavua lini?" Napoleon aliifuta kalenda ile kuanzia tarehe 1 Januari 1806. Miongo ya babu ilikuwa bado inafanya kazi.

Daftari halikuchomwa.

Miaka baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilijifunza jambo jingine lililonifanya nikae chini nitulie. Saint-Just mwenyewe alikuwa na daftari lake la aibu. Akiwa na miaka 19 alitoroka nyumbani kwao Blérancourt, akabeba vyombo vya fedha vya mama yake na kukimbilia Paris, na mama yake akaomba ashikwe. Akafungiwa nyumba ya kurekebishia tabia huko Paris kwa takriban miezi sita, kuanzia Septemba 1786 hadi Machi 1787. Mwaka 1789 alichapisha, bila kuweka jina lake, shairi refu liitwalo Organt, nyimbo 20, lililojaa kejeli, matusi ya kitoto na mambo ambayo siwezi kuyasoma mbele ya wazazi waliopo hapa. Shairi lenyewe si zuri. Lakini dibaji yake ina maneno machache ambayo mimi nayathamini kuliko shairi zima: "Nina miaka ishirini, nimefanya vibaya, nitaweza kufanya vizuri zaidi."

Sikilizeni tena. Nina miaka ishirini. Nimefanya vibaya. Nitaweza kufanya vizuri zaidi. Ni mwanafunzi gani hapa ambaye hawezi kuyaandika maneno hayo juu ya jalada la daftari lake?

Lakini kisa hakiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mwaka 1793, Camille Desmoulins, yule yule wa majani mabichi ya Palais-Royal, aliandika waraka uliochapishwa hadharani, na ndani yake akamdhihaki Saint-Just. Alisema kijana huyu anakibeba kichwa chake mabegani kwa heshima, kama anabeba sakramenti takatifu. Kisha akalifukua lile shairi la ujana na kumcheka nalo mbele ya taifa zima, na jina la shairi lenyewe akalikosea. Mimi niliposoma waraka ule nilisimama tena mstarini, asubuhi ile. Nilisikia vicheko vile vile.

Tarehe 31 Machi 1794 Saint-Just alipanda jukwaani na kusoma ripoti ya mashtaka dhidi ya Danton, kiongozi mwingine wa mapinduzi, na wenzake, Desmoulins akiwa miongoni mwao. Tarehe 5 Aprili wote waliuawa, pamoja na Fabre d'Églantine, mtunga majina ya miezi. Sisemi kwamba Desmoulins alikufa kwa sababu ya dhihaka ya shairi. Alikufa kwa sababu ya siasa, kwa sababu aliandika akiomba huruma wakati ambapo kuomba huruma kulihesabiwa kuwa uhaini. Lakini nasema hivi: katika mapinduzi yale watu walikuwa vijana, walikuwa washairi, walisoma pamoja, walihudhuria harusi za wenzao. Robespierre na Desmoulins walikuwa wanafunzi wa shule moja, Louis-le-Grand, na Desmoulins alipofunga ndoa mwezi Desemba 1790 Robespierre alikuwa shahidi wake. Mtu anayesoma kwamba takriban watu 17,000 walihukumiwa kifo rasmi katika kipindi cha Ugaidi, yaani miaka ile ya 1793 na 1794 ambapo serikali ya mapinduzi iliwatisha na kuwaua wapinzani wake, akaisoma namba hiyo bila shule, bila harusi na bila mashairi, ameisoma namba tu.

Nitapita haraka kwa wengine wawili waliotunga mashairi ujanani. Karl Marx, akiwa na miaka 18, alijaza madaftari matatu ya mashairi ya mapenzi kwa ajili ya mchumba wake Jenny von Westphalen. Mwaka uliofuata alimwandikia baba yake barua ndefu, akayahukumu mashairi yake bila huruma na kueleza kwamba ameyachoma. Yale ya Jenny hayakuchomwa, kwa sababu hayakuwa mkononi mwake, na binti yao Laura alisimulia baadaye kwamba wazazi wake walicheka sana kila walipoyazungumzia. Wa pili ni mwanafunzi wa seminari ya Tiflis, huko Georgia, ambaye mwaka 1895 alichapisha katika gazeti la Iveria mashairi laini juu ya asubuhi, maua na ndege, akitia sahihi ya jina Soselo. Moja ya mashairi hayo liliingia katika kitabu cha kusomea cha watoto wa shule. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Stalin. Hili nalitaja kwa uzito, kwa sababu sitaki kijana yeyote atoke hapa akidhani kwamba kutunga shairi kunamfanya mtu awe mwema.

Sasa narudi kwenye ubeti wangu, kama nilivyoahidi.

Nilimlilia Saint-Just. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa kijana, alikuwa mzuri wa sura katika picha, na alikufa bila kupiga kelele. Na kwa kumlilia yeye, nani sikumwona? Sikumwona Lucile Desmoulins. Mumewe alipokamatwa, Lucile alihangaika kutafuta njia ya kumwokoa, naye akashtakiwa kula njama ya kuchochea maasi magerezani, na tarehe 13 Aprili 1794, siku nane baada ya mumewe, akauawa akiwa na miaka 24. Walimwacha mtoto wao Horace, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Katika daftari hili lote hakuna mshororo mmoja juu ya Lucile. Nilijitolea kukizuia kisu kisimwangukie mtu ambaye mwenyewe alikuwa amekielekeza kwa wengine. Shairi langu la miaka 16 linanionyesha kosa hilo waziwazi kuliko insha zote nilizowahi kuandikia mtihani, kwa sababu katika insha nilinakili maoni ya vitabu, lakini katika shairi nilisema ninayempenda.

Na ule mshororo wa mwisho? Pangani nakuitia, rudi uje Tanzania. Nilimwita Mfaransa aje pwani yetu, nikiamini kwamba Paris ya mapinduzi na pwani yetu hazijawahi kukutana. Ndugu zangu, zilikuwa zimekutana. Mwaka 1776, miaka 13 kabla ya Bastille kuanguka, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani na wa bara letu walipakiwa majahazini na melini, wakapelekwa Île de France, ambayo leo tunaiita Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion, kwenda kulima mashamba ya walowezi wa Kifaransa. Mwezi Agosti 1789 Paris ikatangaza Azimio la Haki za Binadamu na Raia, kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Je, yule mtu wa Kilwa aliyekuwa shambani Île de France alizaliwa nani?

Ilibidi watumwa wa Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti, waasi mwaka 1791, ndipo tarehe 4 Februari 1794, tarehe 16 Pluviôse kwa kalenda niliyokuwa nikiiandika katika madaftari yangu ya baiolojia, Konvensheni ikapiga kura ya kuufuta utumwa katika makoloni yake. Na huko Île de France? Mwaka 1796 wajumbe kutoka Paris walifika na sheria hiyo mkononi, na walowezi wakawafukuza. Watu wetu waliendelea kuwa watumwa kisiwani humo hadi chini ya Waingereza, hadi mwaka 1835.

Nililijua hilo kwa sababu nililitafuta, na nililitafuta kwa sababu ya mshororo ule. Mwanafunzi mwenzangu chuoni aliposoma daftari langu, hakucheka, aliuliza tu, "Hivi, kweli hakuna Mfaransa wa zama hizo aliyefika pwani?" Nilikwenda maktaba kumthibitishia kwamba hakuna. Nikamkuta Morice. Madaftari ya kaka yangu, na vitabu nilivyovisoma baada yake, viliniuliza sababu sita za mapinduzi na matokeo saba ya mapinduzi. Ni shairi lile la aibu peke yake lililoweka Pangani na Paris katika mshororo mmoja.

Kwa hiyo, vijana, ninalo ombi, na Mwenyekiti amenikubalia. Mkutano ujao wa chama mje na madaftari yenu, yale mliyoinua mikono kwa ajili yake. Kama mmewahi kumlilia Kinjekitile, au Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi Haiti, au mtu yeyote ambaye walimu hawakumtaja, leteni. Msirekebishe kitu. Tutasoma kila ubeti na kuuliza maswali mawili: huyu mtunzi alimpenda nani, na nani hakumwona? Na ninyi walimu wenzangu, hasa mnaofundisha shule za bweni, mkilikuta daftari la namna hii juu ya dawati, nawasihi msilisome mstarini. Mrudishieni mwenyewe, kisha mwulizeni Themidori ni nani.

Langu nitaliacha hapa, katika kabati la chama. Katika ukurasa wa mwisho, uliokuwa mtupu, nimeandika ubeti mmoja wiki hii, na vina vyake nimevitafuta kwa shida zaidi kidogo kuliko nilivyofanya nilipokuwa na miaka 16:

Lusili hukuandika, sheria wala hotuba,
Kosa lako kutamka, jina lake kwa mahaba,
Mwana alipoamka, hana mama hana baba,
Leo ndipo nakumbuka, kukulilia msiba.